Kibao cha Njiani ni Mwalimu: Tujaribu Kusoma Herufi za Kijapani

Mwadingusha ni mahali pajulikanapo kwa maji na umeme. Hapo mto Lufira, ukiisha kutulia katika ziwa Tshangalele, huteremka kwa ghafula, na maji yake huzungusha mitambo mikubwa. Kituo hicho kilianza kazi mwaka 1930, siku za utawala wa Wabelgiji, ili viwanda vya shaba vipate nguvu. Miaka ikapita, mashine zikachakaa. Kisha zikawekwa mashine sita mpya, na tangu mwaka 2021 nguvu ya kituo imefika megawati 78.

Penye umeme mwingi namna hiyo hapakosi vibao. Mtoto akaaye karibu na nguzo za umeme huitambua picha ya fuvu na mifupa kabla hajajua kutofautisha a na e. Huuliza, «Baba, hapa pameandikwa nini?» Baba hujibu, «Pameandikwa hatari, mwanangu. Usiguse.» Kwa maneno hayo machache mtoto amekwisha kusoma neno lake la kwanza, naye hatalisahau, kwa sababu amelisoma mahali penye maana yake. Neno la kitabuni laweza kupotea upesi, bali neno lililoandikwa juu ya kitu chenyewe hukaa.

Leo, wapenzi wasomaji, twataka kuifuata njia ya mtoto huyo, twende nayo mbali sana, hata nchi ya Japani. Wengi husema kwamba maandishi ya Wajapani hayasomeki na mtu asiyezaliwa huko. Je, ni kweli? La, si kweli. Mtu mwenye macho na subira aweza kuanza, na vibao vya njiani ndivyo vitakavyomfundisha.

Kwa nini tujisumbue?

Huenda mzazi mmoja akauliza, «Maandishi ya Japani yatufaa nini sisi watu wa Katanga?» Swali lake ni jema, tulijibu.

Kwanza, Wajapani si wageni kabisa kwetu. Mwaka 1969 ilianzishwa kampuni ya Sodimiza, ambayo ndani yake walikuwamo wenye mali wa Kijapani wakiongozwa na kampuni ya Nippon Mining. Mwaka 1972 mgodi wa Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, ulianza kutoa shaba. Wajapani walifanya kazi huko pamoja na watu wetu, kisha wakaondoka katika miaka ya 1980.

Pili, siku hizi katika miji yetu, toka Lubumbashi hata Likasi na Kolwezi, mnaonekana maandishi ya Kichina juu ya malori, juu ya maduka na juu ya malango ya migodi. Nayo alama za Wajapani zilitoka China. Basi ajifunzaye moja amekwisha kupata sehemu ya nyingine.

Tatu, wako vijana wetu waendao kusoma huko. Tangu mwaka 2014 serikali ya Japani imekuwa na mpango wa kuwapokea vijana wa Afrika katika vyuo vyake vikuu. Kijana akishuka katika kituo cha treni cha Tokyo, hatakutana kwanza na kitabu cha sarufi. Atakutana na kibao. Na asipokijua, hata mlango wa kutokea hatauona.

Silabi kama zile za darasa la kwanza

Yafaa tujue kwamba Wajapani hutumia aina tatu za maandishi pamoja. Mbili kati yake ni za silabi, nazo huitwa hiragana na katakana. Ya tatu ni ya alama zenye maana, nayo huitwa kanji.

Tuanze na zile za silabi, kwa kuwa zinafanana sana na mambo tuliyofundishwa shuleni. Kumbuka ubao wa darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu alinyosha fimbo yake, nasi tukaimba pamoja. Lugha ya Kijapani nayo imejengwa hivyo hivyo: silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kama zile za Kiswahili. Ila sisi huandika herufi mbili, k na a, tupate «ka», nao huandika alama moja tu: カ. Hivyo カ ni ka, キ ni ki, ク ni ku, ケ ni ke, na コ ni ko. Alama za msingi ni 46 katika kila aina.

Katakana hutumika hasa kwa maneno na majina ya kigeni. Kwa hiyo majina ya nchi yetu huandikwa kwa katakana. Tazama: カ ni ka, タ ni ta, ン ni n, na ガ ni ga, maana «ka» ikitiwa vistari viwili vidogo pembeni hugeuka kuwa «ga». Sasa tuziunge: カタンガ. Umesoma Katanga! Na コンゴ je? Ko, n, go: Kongo. Likasi huwa リカシ, nao hutamka «Rikashi», kwa kuwa Wajapani hawana sauti ya l, wala silabi «si» kama tuitamkavyo sisi. Hata Mwadingusha yaandikika: ムワディングシャ.

Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Chini ya mlima Fuji, katika mji wa Susono, ilifunguliwa mwaka 1980 bustani kubwa ya wanyama ambamo watu hupita kwa gari wakiwatazama simba na tembo. Vibao vielekezavyo huko huandikwa サファリパーク. Silabi tatu za kwanza ni sa, fa, ri. Kumbe ni neno letu «safari»! Wazungu walilichukua Afrika ya Mashariki, nalo likazunguka dunia hata likafika juu ya kibao cha Japani. Mswahili apitaye njia hiyo atakutana na neno la nyumbani lililovaa nguo za kigeni.

Kinywa, mtu na mlima

Sasa tuziendee kanji, zile alama zenye maana. Wajapani walizipokea kutoka China kwa njia ya Korea zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Alama zote zilizowekwa na serikali kwa matumizi ya kawaida ni 2,136. Mtoto wa shule ya msingi hujifunza 1,026 kwa miaka sita, na katika mwaka wa kwanza hujifunza 80 tu. Basi asikatishwe mtu tamaa na hesabu hiyo. Hata mtoto wa Japani huanza kwa chache.

Alama nyingine zilianza kama picha. 山 ni mlima: tazama vilele vyake vitatu. 川 ni mto: maji yatiririka kwa mistari mitatu. 木 ni mti, wenye shina, matawi na mizizi. Miti miwili, 林, ni kijisitu. Miti mitatu, 森, ni msitu mkubwa. 人 ni mtu aliyesimama kwa miguu miwili. 口 ni kinywa kilichofunguliwa.

Alama hii ya kinywa itunze sana, maana utaikuta katika kila kituo cha treni. Kama vile nyumba ina mlango, Wajapani huona kwamba kila mahali pana kinywa chake. 入 maana yake ni kuingia, na 出 ni kutoka. Basi 入口 ni kinywa cha kuingilia, yaani mlango wa kuingia, nao husoma «iriguchi». 出口 ni kinywa cha kutokea, nao husoma «deguchi». Aliyejua alama hizo tatu hatapotea tena katika kituo.

Walakini angalia vizuri: 人, mtu, na 入, kuingia, hufanana kama mapacha. Ukiandika 人口, hukusema tena mlango, bali umesema watu na vinywa, na maana yake ni hesabu ya wakaaji wa mji au nchi. Mama wa nyumba ahesabuye vinywa kabla ya kupika ugali ataielewa alama hiyo bila mwalimu.

Simama!

Katika njia panda za Japani hakuna kibao chekundu chenye pembe nane kama tukijuavyo huku. Kuna pembetatu nyekundu iliyosimama juu ya ncha yake, na ndani yake mna maneno meupe: 止まれ. Husomwa «tomare», maana yake simama. Tangu mwaka 2017, kwa ajili ya wageni, vibao vipya huongezwa chini yake neno STOP.

Kibao hicho kidogo chafundisha siri kubwa ya maandishi ya Kijapani. Alama ya kwanza, 止, ni kanji, nayo hubeba maana ya kusimama au kukoma. Alama mbili zifuatazo, まれ, ni hiragana, nazo husomwa ma na re. Kazi yake ni kuonyesha kwamba neno ni la kuamuru. Ukiziondoa ukaweka まる, neno huwa «tomaru», yaani mtu au gari husimama lenyewe. Ukiweka める, huwa «tomeru», yaani kusimamisha.

Je, jambo hilo si sawa na lugha yetu? Sisi nasi tuna mzizi wa neno, kisha twaongeza viungo: simama, simamia, simamisha, wamesimama. Mzizi hukaa palepale, viungo hubadilika. Kwa Wajapani mzizi huandikwa kwa kanji, na viungo vyake kwa hiragana. Mwenye kuelewa hayo ameelewa kwa nini taifa moja latumia aina mbalimbali za maandishi katika mstari mmoja.

Mvua ilivyogeuka umeme

Sasa turudi kwenye mambo ya kazi yetu: maji, umeme na shaba.

水 ni maji. 力 ni nguvu. 電 ni umeme. Tazama alama hii ya tatu kwa makini. Sehemu yake ya juu ni mvua, ambayo ikiandikwa peke yake huwa 雨, yenye matone manne. Watu wa kale walipoiandika walifikiri radi imulikayo katika mawingu ya mvua. Baadaye, umeme wa mitambo ulipovumbuliwa, alama ileile ya radi ikatumika. Kiswahili nacho kilifanya hivyo: neno «umeme» lilikuwa la mbinguni kabla ya kushuka kwenye nyaya.

Basi soma: 水力発電所. Maji, nguvu, kutoa, umeme, mahali. Ni mahali pa kutoa umeme kwa nguvu ya maji, yaani kituo kama kile cha Mwadingusha. Wajapani husema «suiryoku hatsudensho», neno gumu kwa ulimi, bali jepesi kwa macho. Mtoto wa fundi wa umeme aweza kulieleza kipande kwa kipande.

Na shaba je? Shaba ni 銅, husomwa «dō». Upande wa kushoto pana 金, alama ya dhahabu na ya madini kwa jumla. Upande wa kulia pana 同, ambayo hapa yaonyesha sauti tu, kwa maana yenyewe nayo husomwa «dō». Ni kama alama yenyewe yasema, «Mimi ni madini, na jina langu lasikika hivi.» Kanji nyingi sana zimetengenezwa kwa namna hiyo, upande mmoja maana, upande mwingine sauti. Vilevile 鉱山, mgodi, ni mawe ya madini pamoja na mlima. 金 iko tena upande wa kushoto wa alama ya kwanza.

Msomaji akiona jina la Kichina 紫金 asishangae tena. Ni Zijin, kampuni yenye sehemu katika mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, mgodi ulioanza kutoa shaba mwaka 2021 na ambao hupewa umeme toka Mwadingusha. Alama ya kwanza ni rangi ya zambarau, na ya pili ni ileile dhahabu.

Wachina na Wajapani wameachana wapi?

Alama ni za ukoo mmoja, lakini si zote zinazofanana leo. Japani ilipunguza na kurahisisha alama zake tangu mwaka 1946. China nayo ilianza kurahisisha za kwake mwaka 1956, na mara nyingi ilikata zaidi. Kwa mfano, umeme wa Japani ni 電, wa China ni 电: mvua imeondolewa. Shaba ya Japani ni 銅, ya China ni 铜. Bali 山, 水, 人, 入口 na 出口 ni zilezile pande zote mbili.

Sauti ndizo zilizo mbali. 出口 Mjapani husema «deguchi», Mchina husema «chukou», nawe waweza kusema «mlango wa kutokea». Jambo hili lisikutatize. Ukiona tarakimu 3, wewe husema tatu, Mfaransa husema «trois», na wote mmeelewa hesabu ileile. Kanji ni kama tarakimu: macho hukubaliana hata ndimi zikitofautiana.

Wamisionari wa kale walilijua jambo hilo gumu. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima mwaka 1549, na wenzake waliofuata walijifunza lugha kwa bidii, hata mwaka 1603 wakapiga chapa huko Nagasaki kamusi kubwa ya Kijapani na Kireno. Maneno ya Kijapani waliyaandika kwa herufi za Kilatini, ili mgeni apate kwanza sauti. Lugha yetu nayo imepita njia mbili: watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya herufi hizi tunazosoma leo. Kubadili herufi hakukuua lugha.

Kibao kisiposomeka

Tumefika mahali pa kupaangalia sana. Kuna maneno ambayo mtu hana budi kuyajua, kwa kuwa uhai wake hutegemea hayo.

危険 husomwa «kiken», maana yake hatari. Kwa Kichina huandikwa 危险, na alama ya kwanza ni ileile. 高圧 ni umeme wa nguvu kubwa: 高 ni juu au refu, 圧 ni msukumo. 立入禁止 ni marufuku kuingia. Tena tazama, kati ya alama nne hizo, mbili unazijua tayari: 入, kuingia, na 止, kukoma. Zimebaki 立, kusimama wima, na 禁, kukataza. Ndivyo elimu ya vibao inavyokua: kibao cha leo hukusaidia kusoma cha kesho.

Hata hivyo, Wajapani wenyewe walitambua kwamba maandishi peke yake hayatoshi. Tarehe 13 Mei 1972 duka kubwa la Sennichi katika mji wa Osaka liliwaka moto usiku, wakafa watu 118. Mwaka uliofuata duka jingine kubwa liliwaka Kumamoto, wakafa zaidi ya watu mia. Baada ya misiba hiyo vibao vya mlango wa dharura viliangaliwa upya. Vilikuwa vimeandikwa 非常口, yaani kinywa kisicho cha kila siku. Lakini mtu aliye katika moshi, akikohoa na kuogopa, aweza kukosa kuyaona maneno hayo. Na mtoto na mgeni hawayasomi kabisa. Basi watu wakaombwa kuleta picha. Ndipo ikapatikana ile picha ya kijani ya mtu anayekimbia mlangoni, iliyotengenezwa na Yukio Ota na wenzake. Katika miaka ya 1980 ikakubaliwa na mataifa, na leo yaonekana katika hoteli, hospitali na viwanda vya dunia nzima, hata vya Afrika. Wengi huiona kila siku wasijue kwamba ilizaliwa katika majonzi ya Japani.

Fundisho lake latuhusu. Kibao cha hatari kisichoeleweka na wale wafanyao kazi mbele yake hakijatimiza kazi yake. Mahali popote mgeni aanzishapo mgodi au kiwanda, kama kibao kimeandikwa kwa lugha yake tu, mfanyakazi ana haki ya kuuliza kimesema nini, na msimamizi ana wajibu wa kuandika kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa picha. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuficha kutojua hata mkono uguse waya.

Shauri kwa wazazi na wanafunzi

Atakaye kujaribu, na afanye hivi. Chukua daftari ndogo. Kila uonapo alama ngeni juu ya lori, sanduku la mashine au duka, iandike kama ilivyo, na karibu yake andika mahali ulipoiona. Mara nyingi mahali hapo patakupa nusu ya maana. Kisha itafute katika kamusi, au umwulize ajuaye. Ipasue vipande: je, pana maji ndani yake, au madini, au mti, au kinywa? Iandike mara kumi kwa mkono, ukifuata utaratibu wa mistari, toka juu kwenda chini na toka kushoto kwenda kulia. Ukipata tano kila juma, mwisho wa mwaka utakuwa nazo zaidi ya mia mbili. Usidhani kwamba hapo utajua kusema Kijapani. Kusema kuna mwalimu wake. Lakini utaweza kuingia, kutoka, kusimama, na kuepuka hatari.

Nanyi wazazi, msingoje habari za Japani. Tembeeni na watoto wenu njiani, mkawasomee vibao vya hapa kwetu: cha zahanati, cha kizuizi cha barabara, cha reli, cha nguzo za umeme. Na kama baba au mama hakupata shule, amruhusu mtoto amsomee yeye, tena amshukuru. Katika nyumba ambamo mmoja husoma na wengine husikiliza, wote wamepona.